Jinsi ya kuendesha mashindano ya densi ya kila wiki mtaani kama yale ya TV, hadi siku ya kutoa mtu bila vita

Kudansi sio shida. Hapa Kisumu ukiweka spika mbili nje ya duka Kondele ucheze muziki wa Kijaluo wa ohangla kidogo, dakika tano haziishi na watu wanatingisha mabega hadi mwenye duka anasahau kuuza. Shida iko ile dakika MC ameshika karatasi na anasema kruu fulani (kundi la wadansa) safari yao imeishia hapa, hapo ndio utajua kama ulipanga shindano ama ulipanga vita.

Mimi nimeendesha haya mashindano misimu mitatu kwa hall moja huku kwetu, kruu kumi kila msimu, na karibu kila kosa nitakalokuambia uepuke nimelifanya mwenyewe. Mfumo tuliiba kwa TV, sitadanganya. Wa rika langu wanakumbuka Sakata pale Citizen, makundi yalikuwa yanarushana juu hadi unaogopea mtu shingo, na kulikuwa na Tusker Project Fame ambayo ilikuwa ya kuimba lakini ndio ilifunza Kenya nzima neno probation, yaani umekalia kuti kavu hadi Jumapili. Huko Uingereza wana Strictly Come Dancing ya BBC tangu 2004, na Marekani wakaichukua wakaiita Dancing with the Stars, ABC, 2005. Hizi za mwisho zinafanya kitu kimoja tu, watu wanadansi, majaji wanapeana pointi, watazamaji wanapiga kura, hizo mbili zinaunganishwa, wa chini anaenda nyumbani. Sasa hapo kwa "zinaunganishwa" ndio watu huumia, kwa hivyo nitakaa hapo sana. Ukiwa na haraka ruka hadi hatua ya sita.

Hatua ya 1: Hesabu wiki kabla hujaita mtu yeyote

Kruu kumi, kila wiki inatoka moja, fainali unataka tatu. Hizo ni wiki saba za kutoa watu na moja ya fainali, nane. Ongeza moja tena, ju wiki ya kwanza hutoi mtu. Strictly hufanya hivyo, wiki ya kwanza watu wanadansi, wanapewa pointi na kura, lakini zote zinabebwa hadi wiki ya pili ndio mtu wa kwanza anatoka. Ni akili nzuri sana hiyo. Wiki ya kwanza vijana wana woga, wanasahau stepu, crowd haijawajua, na ukitoa kruu siku hiyo inatoka na mtaa wake wote, kumaanisha wiki ya pili kwa gate umepoteza watu themanini ambao hawajui hata majina ya waliobaki.

Kwa hivyo ni wiki tisa. Toa kalenda sasa hivi uangalie shule zinafungwa lini na mitihani iko lini, ju nusu ya hao wadansa ni wanafunzi na mzazi wa Form Four hatakusikiza. Na kama hall ni ya mabati usipange Aprili. Ile mvua ya jioni ikipiga mabati hakuna spika utakodisha hapa mjini itasikika.

Andika sheria ukurasa mmoja, captain wa kila kruu atie sahihi, na kama kuna mtoto wa chini ya miaka 18 mzazi wake atie pia. Weka idadi ya wadansa (sisi ni wanne hadi wanane), weka kama kubadilisha mdansa kunaruhusiwa na mwisho ni wiki gani, na weka hii ambayo wengi husahau: kruu ikijitoa yenyewe kwa sababu ya jeraha ama matanga, wiki hiyo hakuna mwingine anatoka. Bila hiyo sheria utajikuta na fainali ya kruu mbili, ama wiki moja ya hall uliyolipia haina kazi.

Tukiwa hapo kwa jeraha, sakafu ya simiti inaharibu magoti kuliko kitu kingine chochote. Tafuta plywood ama hata carpet nzito ya kutandika. Na barafu, usihangaike kutafuta ya kununua, ongea na mama yeyote anayeuza samaki asubuhi akuwekee kipande kwa cooler, kifundo kikiteguka unafunga na kitambaa. Itanuka omena kidogo lakini uvimbe unashuka.

Hatua ya 2: Hall, saa, vibali

Hii nipite haraka. Ambia chief, ambia OCS, ulizia kibali cha kelele kwa kaunti, na ulizia leseni ya kucheza muziki hadharani, usingoje wakujie na saa ya shoo. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni, na viwango vya usiku ni vya chini sana, kwa hivyo sisi tunaanza saa tisa mchana na saa moja na nusu watu wako njiani.

Kuna sababu nyingine ya kumaliza mapema ambayo mtu wa mbali na ziwa hataelewa. Jua likizama ukiwa na taa nyeupe kubwa karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kama moshi. Msimu wa kwanza kruu moja ilikuwa katikati ya stepu za pole pole, wote mdomo wazi wanaimba na wimbo, na wadudu wakaingia. Wengine wakakohoa, mmoja akatema jukwaani, na jaji akamkata pointi ya nidhamu. Mpaka leo tunabishana kama ilikuwa haki.

Hatua ya 3: Majaji watatu, na wasikae kama marafiki

Watatu, sio wanne. Strictly wako na wanne, wakigawanyika wawili kwa wawili jaji mkuu ndiye anaamua, na kwa mtaa hutaki mtu mmoja abebe huo msalaba halafu arudi nyumbani kwa miguu. Watatu hawawezi kulingana.

Tafuta mmoja anayejua densi za kienyeji kabisa, mmoja anayejua za sasa, na wa tatu awe mwalimu aliyezoea music festival, hao wanajua kuandika maoni na kutunza muda. Asiwe na mtoto, mpwa, ama mpangaji kwa kruu yoyote. Usicheke hiyo ya mpangaji, mwenye nyumba aliwahi kupewa kiti cha jaji na vijana wawili wa kruu moja walikuwa na deni lake la rent la miezi mitatu, wakapata 3.

Pointi ni 1 hadi 10. Kaa nao chini kabla ya wiki ya kwanza mkubaliane 5 inafanana aje, 7 inafanana aje. Ukiacha tu hivyo kila mtu atapewa 8, ju majaji wetu wana huruma na wanaishi na hawa watu. Na jaji akitoa 10 wiki ya kwanza, wiki ya sita atafanya nini? Mwambie 10 isionekane kabla nusu ya msimu.

Kata makadi kwa boksi, andika namba kubwa na felt pen, na wote wainue mara moja MC akihesabu tatu. Usiwaache wainue mmoja mmoja. Wa pili huwa anaangalia wa kwanza, anaona 6, anarudisha 8 yake chini ya meza anachukua 7. Nimeona na macho yangu.

Maoni ni sekunde 30 kila mmoja. Na yawe ya kazi, "mstari wa nyuma mlichelewa biti mara mbili kwa chorus", sio "mmefanya vizuri sana watoto wetu Mungu awabariki". Wa Project Fame tunamkumbuka jaji Ian Mbugua ju alikuwa anasema ukweli hadi unamwonea huruma aliyesimama, lakini kesho yake unajua mtu anafaa kurekebisha nini.

Hatua ya 4: Mada za wiki na muziki

Kila wiki ipe mada, la sivyo wiki ya nne utakuwa unaona amapiano ile ile na suruali zile zile. Sisi tuna wiki ya rhumba, ya benga, ya ohangla, ya densi za kizazi kipya, na ile naipenda kuliko zote, wiki ya isukuti. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na 2014 UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kwa kawaida kuna pembe na njuga. Usiruhusu kruu ije na ya kurekodiwa kwa simu. Tafuta wapigaji wa kweli hata kama ni kuwalipia matatu kutoka Kakamega, ju hapo ndio utaona nani anasikiza ngoma na nani alikariri stepu, ngoma ikiongeza kasi ghafla waliokariri wanabaki nyuma wameinua mguu hawajui waushushe lini.

Kwa ohangla ambia majaji waangalie mabega na kiuno vikifanya kazi tofauti huku miguu inakula nafasi ndogo. Vijana wa siku hizi wanaruka sana, wanadhani kuruka ni nguvu.

Muda wa wimbo, dakika moja na nusu. Ndio muda wa TV pia, karibu sekunde 90, na inatosha kabisa. Kata wimbo mwenyewe kwa laptop na Audacity, ni ya bure, malizia na sauti ikififia sekunde mbili. Kila wimbo uwe kwa flash mbili na kwa simu moja. Hiyo simu iwe flight mode, nasema hivi ju robo fainali moja simu ya DJ iliita katikati ya wimbo na hall nzima ikasikia kwa spika ringtone ya kanisa, kruu ikasimama, na ilibidi turudie tukipigiwa kelele kwamba tunawapendelea.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Asubuhi kila kruu inapata dakika kumi jukwaani na muziki wake. Weka masking tape katikati na kwa pembe nne ili wajue mwisho uko wapi. DJ awe hapo hiyo asubuhi, sio aje saa nane na nusu na miwani.

Nani anaanza na nani anamaliza sio kitu kidogo. Anayemaliza ndiye watu wanatoka wakimkumbuka, anayeanza amesahaulika soda ikifunguliwa. TV wenyewe hupanga wanavyotaka ili shoo iwe tamu, lakini wao hawaishi na wadansa mtaa mmoja. Wewe piga kura ya karatasi kwa kofia, mbele ya macaptain wote, kila wiki, na aliyeanza wiki iliyopita asianze tena.

Halafu mkimaliza wote kudansi, kabla ya kura, rudisha kila kruu jukwaani sekunde kumi tu, MC ataje jina na namba yao. Kwa TV ni ile sehemu wanarudia vipande vya kila mtu na kuonyesha jinsi ya kuwapigia kura. Ni dakika tatu lakini inamrudishia yule wa kwanza haki yake.

Kura: msimu wa kwanza tulifanya kitu tuliona ni cha akili sana. Kila aliyelipa gate alipewa punje moja ya maharagwe, anatumbukiza kwa mkebe wa kruu yake. Wiki ya pili tukamwaga mkebe mmoja mezani. Sisi tulikuwa tumenunua maharagwe ya nyayo pekee. Ndani kulikuwa na nyayo, rosecoco, yellow, na kamande mbili. Mtu alikuwa ametoka nyumbani na mfuko umejaa. Sikuhizi ni kipande cha tiketi chenye muhuri na rangi inabadilika kila wiki, na mikebe iko mezani mbele ya watu, sio nyuma ya pazia.

Kwa walio mbali tunatumia M-Pesa, bob kumi kura moja. Hakikisha ni paybill na sio till, ju paybill ina sehemu ya akaunti namba ambapo mtu anaandika nani anampigia, till haina. Na waandike namba, 1, 2, 3, wasiandike majina. Tulipoacha majina tulipata Nyalenda ikiandikwa namna nne na mmoja akaandika "wale wa suruali nyekundu", na kruu mbili zilikuwa na suruali nyekundu. Fungua kura kruu ya mwisho ikimaliza, funga baada ya dakika ishirini, na MC aseme saa ya kufunga mara tatu.

Hatua ya 6: Hesabu, hapa shika kalamu

Kosa letu kubwa la msimu wa kwanza lilikuwa kujumlisha pointi za majaji na kura moja kwa moja. Nikupe mfano wa kruu sita niziite kwa mitaa tu, namba nimezitunga.

Majaji: Kondele 27, Nyalenda 26, Manyatta 24, Obunga 24, Bandani 21, Nyamasaria 19. Kura: Nyamasaria 410, Manyatta 305, Bandani 260, Kondele 190, Obunga 120, Nyalenda 95.

Ukijumlisha tu, Nyamasaria wana 429 na wako juu, halafu Manyatta 329, Bandani 281, Kondele 217, Obunga 144, Nyalenda 121. Sasa linganisha na orodha ya kura peke yake. Ni ile ile, kutoka juu hadi chini. Kumaanisha majaji wako wamekaa hapo masaa matatu, umewanunulia soda na chapati, na wangebaki nyumbani hakuna kitu kingebadilika. Kura ni mamia, pointi ni thelathini, zinamezwa.

Njia ya pili ni asilimia, Dancing with the Stars waliitumia misimu mingi. Unachukua pointi za kruu unagawa kwa pointi zote za majaji siku hiyo (hapa zote ni 141), unachukua kura zao unagawa kwa kura zote (1,380), unajumlisha. Nyamasaria wanapata 13.5 kwa majaji na 29.7 kwa kura, 43.2, bado wako juu na majaji waliwaweka mkia. Kwa nini? Angalia pengo. Kwa majaji wa juu kabisa ana 19.1 na wa chini 13.5, wamebanana. Kwa kura wa juu ana 29.7 na wa chini 6.9. Kura ndizo zinavuta kamba. Hii sio hadithi ya mtaani tu, 2018 mtangazaji wa redio anaitwa Bobby Bones alishinda msimu wa 27 wa hiyo shoo akiwa na pointi za chini kuliko wenzake wa fainali, watu wakalalamika sana, na msimu uliofuata wakaweka sheria kwamba wawili wa chini majaji ndio wanachagua nani abaki.

Njia ya tatu ndiyo natumia, ya nafasi, na ndiyo ya Strictly. Pointi zenyewe unazisahau, unaangalia tu nani wa kwanza nani wa pili. Kruu ni sita, wa kwanza kwa majaji anapata 6, wa pili 5, kushuka. Wa kwanza kwa kura anapata 6, wa pili 5, hivyo hivyo. Jumlisha.

Majaji wanatupa Kondele 6, Nyalenda 5, Manyatta 4, Obunga 4 pia ju wamelingana, Bandani 3, Nyamasaria 2. Kura zinatupa Nyamasaria 6, Manyatta 5, Bandani 4, Kondele 3, Obunga 2, Nyalenda 1. Ukijumlisha, Kondele 9, Manyatta 9, Nyamasaria 8, Bandani 7, Obunga 6, Nyalenda 6. Wawili wa chini ni Obunga na Nyalenda, hao ndio watadansi tena ili majaji waokoe mmoja.

Nyalenda walikuwa wa pili kwa majaji na sasa wako hatarini. Watu watapiga kelele, na wacha wapige, hiyo ndio inafanya wiki ijayo mtaa wao wote ulipe gate. Utamu mwingine wa hii njia ni kwa pesa. Tajiri akija na elfu hamsini anunue kura elfu tano, kruu yake inapata 6. Ingeshinda kwa kura moja ingepata 6 hiyo hiyo. Pesa zake tunazipokea na asante juu, lakini hazinunui shindano.

Sasa angalia wale waliolingana, Manyatta na Obunga. Wote nimewapa 4, na anayefuata nimempa 3, sikuruka hadi 2. Hiyo inaonekana ndogo lakini iliwahi kuaibisha BBC. Desemba 2008, nusu fainali ya Strictly, wamebaki watatu, Rachel Stevens na Lisa Snowdon wakalingana juu kwa majaji, kila mmoja akapewa 3, na Tom Chambers akapewa 1. Piga hesabu. Hata Tom akipata kura zote za Uingereza, hiyo ni 3, jumla 4. Wale wawili, yule wa pili kwa kura ana 3 na 2, 5, na hata yule wa mwisho ana 3 na 1, 4. Kwa hivyo Tom hangeweza kutoka kwa wawili wa chini kwa njia yoyote, na watu walikuwa tayari wanapiga simu za kulipia kumwokoa. Ikabidi wote watatu wapelekwe fainali, kura zao zikabebwa, na huyo huyo Tom akashinda. Angepewa 2 badala ya 1 angekuwa na njia. Kwa hivyo wakilingana, anayefuata shuka hatua moja tu.

Jumla zikilingana mahali panaleta tofauti, aliye na kura nyingi ndiye anasimama juu. Andika hiyo kwa sheria. Na wiki ya pili, ile yenye mzigo wa wiki ya kwanza, jumlisha kwanza pointi za wiki zote mbili, jumlisha kura za wiki zote mbili, ndio upange nafasi mara moja tu.

Hesabu ifanywe na watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, bila kuongea, halafu walinganishe. Zikitofautiana wanarudia. Usiamini mtu anayesema nimeifanya kwa kichwa.

Hatua ya 7: Kutangaza

Hao wawili ndio pekee wanajua. MC hapewi karatasi yote, anapewa kadi moja moja, ju MC akijua uso wake unasema. Aanze na walio salama, achanganye, na aseme wazi kwamba hii sio kwa mpangilio wa pointi. Kabla ya kila jina ahesabu moja hadi tano kimya kimya. Tano inatosha. MC wetu mmoja alifika ishirini kwa sababu aliona kwa TV, mzee mmoja nyuma akapiga kelele "omera soma tu!" na hall ikaangua kicheko, utamu wote ukaisha.

Wakibaki wawili usiseme nani alikuwa wa mwisho kabisa. Wanadansi tena, wimbo ule ule na stepu zile zile, jioni hiyo hiyo. Hapa kura haziko tena, kila jaji anataja jina la kruu anayoiokoa na sababu moja. Sababu iwe ya hiyo densi ya mwisho, asianze kuleta mambo ya wiki ya tatu.

Kruu inayotoka mpe mic dakika moja, halafu wacheze wimbo wao na kruu zote ziingie jukwaani wadansi nao. Usiruke hii. Vijana wakitoka wamekumbatiwa wanarudi wiki ijayo kushangilia, wakitoka kwa mlango wa nyuma wanarudi na mawe. Weka kando fare ya boda ya kila mtu, ju usiku kama huo hakuna mtu anataka kutembea.

Na mzazi atakuja. Msimu wa pili mama mmoja alikuja hadi mezani, leso amefunga kiunoni, anauza mboga Kibuye na kila mtu anamjua, akasema tumeibia mtoto wake na hatoki hapo. Mwenzangu alitaka kumwitia askari wa gate. Nikamwambia mama shikamoo, keti hapa, tuhesabu pamoja. Hatukuwa na karatasi safi, tukapasua pakiti ya unga, nikampa kalamu mwenyewe. Nikamsomea mstari wa kruu ya mtoto wake na ya waliokuwa nao chini, yeye akaandika, akajumlisha, akarudia mara ya pili akitumia vidole. Akakaa kimya. Halafu akauliza, "Kwa hivyo watu wetu hawakupiga kura?" Nikamwambia mama, walipiga tisini. Akafungua leso akaifunga upya, akaenda zake akiwatafuta majirani. Wiki ile sikutaka kuwa jirani yake.

Jumatatu asubuhi bandika pointi za majaji kwa ukuta wa kinyozi na mahali watu wanapita. Kura usibandike kabla msimu uishe, TV pia huficha, ju watu wakijua nani anaongoza mara tatu mashabiki wake wanalala na wengine wanakata tamaa.

Hatua ya 8: Fainali

Fainali ya Strictly majaji wanainua makadi lakini ni mwongozo tu, kura za watazamaji ndizo zinaamua peke yake. Sisi tunafanya hivyo pia, ingawa jaji wetu mmoja hunung'unika kila mwaka kwamba ameletwa kama maua. Kila kruu inadansi mara tatu: moja majaji wanawachagulia kutoka kwa wiki walizofanya vibaya, moja wanachagua wenyewe, na moja ya kujitawala kabisa bila mada. Kura hapa zipe dakika arobaini na uweke kruu zilizotoka zidansi pamoja wakati mnahesabu, wanakuwa wamejiandaa wiki nzima na mara nyingine ndio wanaangusha hall.

Zawadi lipa usiku huo huo, mbele ya watu, kwa M-Pesa, na kwa namba ambayo kruu yote iliandika na kutia sahihi wiki ya kwanza. Sisi tuliwahi kutuma kwa captain aliyetoa namba yake pale jukwaani na simu ikazimwa siku nne, wenzake saba wakawa wanalala kwa veranda yangu. Ukishatuma, bandika karatasi za kura za wiki zote tisa ukutani, fagia wadudu, pindua carpet, na rudisha funguo za hall kabla mlinzi aanze kukuhesabia saa za ziada.